Soya Iliyoota kwa Mama Kumagai

Jumanne, 3 Februari

Asubuhi theluji laini, bila upepo. Njia ya hekaluni imeshafagiliwa.

Siku ya kufukuza mazimwi. Pakiti zote za soya zimekwisha dukani kwetu, hapa chini, kabla ya saa sita. Ya mwisho kachukua Mama Kumagai wa nyumba ya pili. Mumewe anapasuliwa tumbo mwezi ujao. Alisema mwaka huu atatupa soya kila pembe, mpaka bafuni, asibaki zimwi hata mmoja. Mama mkwe akamwongezea viganja viwili, bure.

Jioni tukatupa zetu. Mitsunori alivaa kinyago cha zimwi na Mama akawa anamlenga puani hasa.

"Mama, mimi ni mwanao," mume wangu akalalamika.

"Leo sikujui. Toka nje."

Tulicheka sana. Kisha kila mtu akala soya kwa hesabu ya umri wake. Mama ana miaka sabini na tisa, kwa hiyo alikula kwa muda mrefu. Katikati akaniuliza: "Zina harufu nzuri?" Nikasema ndiyo. Swali geni. Kazikaanga mwenyewe — na miaka yote yeye ndiye anayetuambia sisi.

Jumamosi, 7 Februari

Baridi kali, anga safi. Barafu kwenye ndoo.

Tumekaanga za kinako, unga wetu wa soya. Kazi ni ileile tangu niolewe hapa: Mama kwenye kikaango kikubwa cha chuma, mimi kwenye mawe ya kusagia. Anazigeuza soya kwa fagio la mianzi, macho kayafumba, mpaka harufu ya ubichi igeuke kuwa harufu ya kinako. Hapo husema neno moja: "Imefika." Nami nazima moto. Hatuna kipimajoto, hatuangalii saa.

Leo hakusema. Aliuliza.

"Imefika?"

Nilidhani ananitania. Nikamwambia bado. Baada ya muda akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama mvua imekatika. Safari hii nikasema imefika. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyeridhika.

Yale mafua ya mwaka mpya. Yalimlaza zaidi ya wiki. Tangu ainuke supu zake zina chumvi mno. Juzi alitaka kutupikia samaki ambaye mimi nilisikia uvundo wake tangu mlangoni. Nimeyapanga haya yote kwa mstari na sipendi yanakoelekea.

Jumatatu, 16 Februari

Mawingu. Theluji ya paani inadondoka kwa vishindo.

Mama alikuwa kwa daktari wa meno. Mama Kumagai akaja kwa mlango wa nyuma, akafungua leso mbele yangu. Ndani — soya moja. Ina mzizi mrefu kama kidole, na kichwa kimeshapasuka kijani.

"Imeota bafuni," alisema. "Nyuma ya beseni, penye unyevu."

Niliigusa kwa kidole.

"Soya ya kufukuzia mazimwi inatakiwa iwe imekufa motoni, Chizuru. Hii iko hai. Unajua ikiota inaita balaa ndani ya nyumba. Na mume wangu anaingia kwenye kisu tarehe tano."

Niliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Nikamwambia ni kosa langu, nilichanganya mbichi na zilizokaangwa wakati wa kufunga pakiti.

"Kuongopa hujui," akasema. Akaondoka, leso akaniachia.

Nimeichoma ile soya kwenye jiko. Ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayenyonya jino.

Sijamwambia Mitsunori. Vuli iliyopita, mbele ya ndugu zake wote, Mama alikubali: siku atakayoharibu soya za kikaango kimoja tu, atatoka jikoni na hatarudi. Mitsunori hataki mabaya. Anataka mama yake apumzike, atazame televisheni, miguu ndani ya blanketi. Mama ameniambia mara moja tu anavyoliona jambo hilo. Alisema: "Wataniweka pale kama mwanasesere wa sikukuu. Na yeye hutolewa kwenye sanduku mara moja kwa mwaka."

Alhamisi, 5 Machi

Mvua na theluji pamoja.

Wamempasua Bwana Kumagai, wamemfunga bila kutoa kitu. Ugonjwa umeshaenea. Habari nimezipata kwa dada wa duka la tofu.

Mama akafunga pakiti ya kinako, akavaa koti, akaenda kumpa pole jirani. Nilijaribu kumzuia. Karudi na pakiti yake mkononi.

"Hakufungua mlango. Aliongea kwa ndani. Nimemkosea nini?"

"Ana majonzi, Mama."

"Mwenye majonzi hufungua mlango."

Akairudisha pakiti rafuni, akainyoosha iwe sawa na nyingine. Nilikwenda kuosha mchele ambao nilikuwa nimeshauosha.

Jumapili, 15 Machi

Asubuhi ukungu, mchana jua. Theluji imebaki kivulini tu.

Limefika kwa Mitsunori. Mama Kumagai alimsimamisha nje ya benki, akamweleza habari ya soya bafuni, na hakulia hata kidogo. Mitsunori anasema afadhali angelia.

Wakati wa chakula cha jioni akaweka vijiti chini.

"Mama. Jumanne mnakaanga za Mzee Hatakeyama, sivyo?"

Za Mzee Hatakeyama, mwenye duka la keki, ndizo oda kubwa kuliko zote: kinako ya kupaka vitonge vya wali wa kunata, ambavyo mji mzima hupeleka makaburini wiki hii inayokuja.

"Za Hatakeyama," Mama akasema.

"Nitachelewa kwenda kazini siku hiyo. Nitakaa nawe."

"Kaa. Lete mto, sakafu ni baridi."

"Na kinako ikiharibika—"

"Nilichosema vuli nakikumbuka. Kula, supu inapoa."

Akala bakuli lake lote. Baadaye, tunaosha vyombo, maji yakiwa yamefunguliwa kwa nguvu, akaongea bila kunigeukia.

"Jumanne simama kuliani kwangu. Ikifika, kohoa."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu mafua. Nilidhani itarudi. Kila asubuhi nafungua mtungi wa miso iliyochacha na kuingiza pua." Akafuta sahani ileile mara mbili. "Ni kama kunusa ukuta."

Sikujua nimshike au nisimshike. Nikachukua sahani.

Jumanne, 17 Machi

Asubuhi joto la ghafla, upepo wa kusini. Mierezi ya mlimani imefunguka, vumbi la njano la chavua limetanda mpaka kwenye kamba ya nguo.

Nimeamka pua zimeziba zote mbili, macho yanawasha. Mzio huu hunipata kila mwaka, lakini kwa kawaida ni baada ya wiki ya makaburi. Nimejifukiza maji ya moto, nimejipaka menthol. Nimenusa kitunguu, kisha siki. Hakuna kitu.

Nilitaka kumwambia Mama. Lakini Mitsunori alikuwa ameshakaa na mto wake, karibu na mlango, mikono mapajani kama aliye kwenye mtihani wa shule. Mama kawasha moto. Fagio likaanza kuzunguka. Nikasimama kuliani kwake.

Nilitazama kwa macho. Maganda yakaanza kupasuka, rangi ikapanda. Lakini kikaango kile ni cheusi na dirisha ni dogo, na Mama mwenyewe alinifundisha kwamba rangi hudanganya. Fagio likapunguza mwendo. Aliinua kidevu kidogo upande wangu — anangoja. Shati lilinishika mgongoni.

Nikakohoa.

"Imefika," Mama akasema, kwa sauti yake ya zamani kabisa. Nikazima moto.

Mitsunori akainuka, akachukua soya moja, akaipuliza, akaitia mdomoni. Alitafuna muda mrefu. Akamtazama mama yake, akanitazama mimi. Akachukua mkoba, akaenda kazini.

Tukasaga mchana kutwa. Nilionja unga: mdomoni ulikuwa kama mchanga laini, basi. Mama akaona navuta makamasi.

"Hukusikia kitu," akasema.

"Sikusikia, Mama."

Akakaa juu ya gunia. Nilidhani atakasirika. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yakitetemeka, kisha yakaendelea kutetemeka na hakuwa anacheka tena.

Madebe yamepangwa mlangoni pa duka. Mzee Hatakeyama anayafuata alfajiri. Ndani ya nyumba hii ni mtu mmoja tu anayejua kama kinako hii ni nzuri au imeungua, naye amekula chakula cha jioni akizungumzia matairi ya gari.

Tumezima taa. Baadaye nikamsikia Mitsunori akishuka dukani. Kifuniko cha debe kikafunguka. Kijiko kikagonga bati. Kikafungwa. Akapanda, akajilaza, akanigeuzia mgongo. Nikamwita jina mara moja, taratibu. Alikuwa macho, nilijua kwa pumzi yake.

Nimepata usingizi saa tisa kasorobo.