Semu Alipoulizwa Mama Yake

Kasese,
14 Agosti 2016

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu. Natumaini mguu wako umepungua uvimbe na maharagwe ya kilimani yamekubali mvua. Sisi tunapumua. Rusi ameota jino la pili, na Semu ni mzima ila amekonda. Xavier, ndugu yangu, wewe unayemsomea Mama barua hii, tafadhali usiruke mstari hata akikuomba.

Usishtuke kusikia Kasese, Mama. Najua kanisa lilinisindikiza kwa mbuzi na kwaya, na nina hakika umeshawatangazia wanawake wa soko la Mpondwe kwamba binti yako sasa anakanyaga theluji kwa mumewe. Anakanyaga vumbi. Nimepanga chumba nyuma ya ghala la pamba, na ni wiki kadhaa sasa.

Ndege si mahali pa watoto wadogo. Tulipopaa kutoka Entebbe, Rusi alianza kulia kwa sababu ya masikio. Nikamfunga mgongoni kwa kitenge, nikasimama katikati ya viti nikimbembeleza kama ulivyonifundisha. Mhudumu akaja akaniamuru nimfungue, nikae, nimpakate na kumfunga mkanda. Alilia mpaka akamtapikia mzee tuliyekaa naye, na mzee akaomba ahamishwe. Nilimwonea wivu, maana yeye alikuwa na pa kwenda.

Ndege ya pili ndiyo iliyokuwa na safari ndefu, na humo Semu ndiye aliyenimaliza. Chakula alikataa, akitaka ugali wako wa muhogo. Choo alikiogopa kwa jinsi kinavyonguruma, akajikojolea kitini. Na safari nzima alilia Mama, Mama, nami nikimshika ananisukuma. Watu walinitazama wakijiuliza mimi ni mzazi wa namna gani. Hawakujua kwamba anayeitwa ni wewe. Nobert alipotangulia ng'ambo nilikuja Kasese kufanya usafi hotelini, nikakuachia mtoto huko Bwera angali mchanga, na kwake mimi nikawa Ronah, yule anayekuja Jumapili na mkate. Hata Nobert alipokuja likizo, ile tuliyompata Rusi, Semu alibaki kwako. Kwetu hilo si ajabu. Mtoto akilelewa na bibi humwita mama, na hakuna anayeona vibaya. Nilijiambia kwamba tukishafika kwa baba yake, atanizoea.

Tulipotua, afisa alikagua pasi zetu, kisha akamtazama Semu, ambaye alikuwa amesimama mbali nami. Akamwita mfanyakazi mmoja Mkenya aje kutafsiri, wakamuuliza kama mimi ni mama yake. Semu alijibu bila kumeza mate: "Hapana. Huyu ni Ronah. Mama iko Bwera."

Walimuuliza tena na tena, na jibu likawa lile lile. Nilieleza desturi yetu mpaka sauti ikakauka, lakini wao waliona mwizi wa watoto. Wakaniambia naweza kuingia na Rusi, kwa kuwa ananyonya, lakini Semu atabaki kwa watu wanaotunza watoto mpaka ukweli ujulikane. Nikikataa, turudi sote. Nobert alikuwa upande wa pili wa kioo, amebeba makoti mawili madogo. Kwenye simu alinisihi nikubali. Nilishindwa, Mama. Ningemwachaje mtoto kwa watu asiojua hata lugha yao? Tukarudishwa, safari ile ile, vilio vile vile. Tangu hapo Nobert hapokei simu yangu, na sidhani kama tutapewa kibali kingine.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Juzi nilikuwa namwogesha Semu, nikamwambia kwa upole kwamba aliyemzaa ni mimi. Akaniambia anajua. Nikamuuliza kwa nini basi alinikana kule. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha mpakani huku anachezea povu: "Mama alisema bakiniuliza niseme mama iko Bwera, batanirudisha kwake."

Mtoto wa umri ule hawezi kutunga maneno hayo. Ulimfundisha wewe. Uliimba na kwaya, ukala mbuzi wa kuniaga, ukanilowesha bega kwa machozi, na huku umeshamtegesha mwanangu. Najua unampenda. Najua nyumba ingekuwa kimya mno. Ungenieleza, tungelia pamoja, na pengine ningekuachia kwa muda. Lakini uliniacha nipande ndege. Nina hasira nawe, Mama, na sioni zitaishia wapi.

Kila asubuhi Semu huvaa sweta lake, akasimama mlangoni na kuuliza gari la Bwera linaondoka saa ngapi. Ni mwendo mfupi tu, unaujua. Simleti. Na usijisumbue kumfuata, kwa sababu mwenye nyumba nimemwambia kwamba bibi yake Semu alishakufa.

Nisalimie mchungaji na wanakwaya wote. Mungu akuponye huo mguu.

Ni mimi,
Mama Semu