Kelele Niliyosema Imeisha

Anko Kanti,

Nimekosa mahali pa kuja kusimama. Kwetu Marani mtu akifa anazikwa karibu na nyumba, na mwenye neno lake anaweza kwenda pale, akajifanya anang'oa magugu, akalisema. Wewe ulichomwa kama ilivyo desturi yenu, na mwanao Ketan akapeleka majivu mtoni. Kwa hivyo nimechukua karatasi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza ulisema ni cha benki, na Ekegusii chako kilikuwa kinaishia "buya mono", vizuri sana.

Neno langu ni hili. Feni ya hita ya gari lako haikuwa imepona. Mimi nilijua.

Acha nieleze taratibu, maana nikianza kwa haraka huwa nanyamaza katikati. Siku ile ya kwanza nilikuwa nyuma ya duka lako la spea, nimeketi juu ya kreti nikifanya hesabu ya shule, nikingoja Mama afunge kaunta yako twende nyumbani. Ulikuwa umeinama kwenye lile gari lako jekundu la viti viwili. Uliniita ukasema masikio yako yaliharibiwa na injini za mbio za magari ulipokuwa kijana, sauti ndogo huzipati tena, nikuazime yangu. Sikuwa nimewahi kuombwa kitu na mtu mzima nje ya nyumbani. Nikaja.

Ulinifundisha vizuri. Injini izimwe kwanza, la sivyo utasikia kila kitu na hutasikia chochote. Ufunguo nusu. Feni namba moja, halafu mbili. Kelele ikipanda pamoja na feni, basi ni ya feni, usisingizie kitu kingine. Halafu bisibisi ndefu: ncha kwenye boksi ya hita, mpini kwenye mfupa wa sikio. Hapo ndipo gari linasema ukweli, ulisema.

Nikasikia. Zilikuwa kelele mbili, Anko. Juu kulikuwa na kriii, kama mlango wa stoo. Chini yake tk-tk-tk, kitu kinagusa kitu kila feni ikizunguka.

Ukasema, "Haya, Kemunto, fanya na mdomo! Inalia vipi? Kriii? Ama tk-tk-tk? Ama vuuu?" Ulizifanya zote kwa sauti, na kope zikicheza. Vijana wa kupakua mizigo walikuwa pale, na mtu wa boda aliyekuja kununua cheni. Wote walikuwa wananiangalia. Mimi shuleni hata nikijua jibu sinyooshi mkono. Nikasema, "Ya kwanza."

Kwa sababu ya hilo neno ulitia oili kwenye bushi, ile pete ambamo chuma cha feni huzunguka. Kriii ikaisha. Tk-tk-tk ikabaki. Nikasema "bado" tu, sikusema ni nini bado. Ukafungua tena, ukatia oili tena, ukatoa majani makavu ya mkaratusi. Bado. Mara ya tatu ulijikata kidole kwenye bati, damu ikashuka hadi kwenye saa yako, na hukulalamika. Uliwasha namba mbili, ukaniangalia uso badala ya kusikiliza. "Imeisha?"

Nikasema, "Imeisha, Anko."

Ulivyofurahi. Ulimwambia Mama, ukawaambia wateja, ukampigia Anti Hansa simu: "Kemunto amesema imeisha!" Nilijua kwa nini ilikuwa muhimu. Anti alikuwa ameapa haketi ndani ya gari linalolia kama kisiagi cha mahindi, na wewe ulitaka kumpeleka Nyamira akaone lile duka dogo mlilofungua mlipooana. Ukamwahidi Jumapili. Alhamisi ukaingia hospitali, na hukutoka.

Sasa habari za tangu uende. Ketan ndiye anaendesha duka. Ni mtaratibu lakini hajui bei za bushi, anamuuliza Mama. Kalenda yako bado iko ukutani, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa. Na Anti anahamia Nairobi kwa binti yenu mwisho wa mwezi. Wiki jana alikuja kaunta akamwambia Mama, "Kabla niende, Ketan atanipeleka Nyamira kwa ile gari. Kanti aliitengeneza. Ilikuwa kazi yake ya mwisho."

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Niliona jinsi itakavyokuwa: anaketi, ukungu unapanda kwenye kioo, Ketan anawasha hita, na tk-tk-tk. Atafikiri ulimdanganya ili tu aingie garini. Na wewe hutakuwepo kujitetea.

Siku mbili sikusema. Ijumaa Anti alikuja kupima kama mkoba wake unaenea nyuma ya kiti, nikamfuata uani. Nikasema, "Anti, feni bado inalia. Anko hakujua. Mimi nilimdanganya."

Akauliza, "Inalia vipi?"

Nikafanya na mdomo. "Tk-tk-tk-tk-tk." Kwa sauti, mbele ya vijana wote wa mizigo. Mmoja akaita, "Ongezeni mahindi, kuku ameangua!" Wakacheka. Masikio yaliniwaka lakini niliendelea, maana Anti alikuwa amefumba macho anasikiliza.

Akasema, "Miaka kumi nilimwambia aende apimwe masikio." Akajifuta uso na ncha ya sari. "Leta bisibisi."

Tulifungua sisi wawili. Skrubu tatu, waya mbili, mota ikatoka. Alinipa tochi, kisha akaninyang'anya akashika mwenyewe ili nifanye kazi kwa mikono miwili. Bushi yako ilikuwa safi kabisa, Anko, ilikuwa na oili ya kutosha. Shida ilikuwa gurudumu la feni: klipu yake imelegea, limesogea kwenye shafti, kile chuma kinacholizungusha, na ubawa mmoja unaparuza boksi. Alama ilikuwa pale, imeng'aa. Ungeiona mara ya kwanza kama ningekuambia mahali pa kutazama. Nilirudisha gurudumu, nikabana klipu, nikalizungusha kwa kidole. Kimya.

Sijui kama Anti amenisamehe. Alinawa mikono, akaenda.

Jumapili walienda yeye na Ketan. Mvua iliwapata njiani na kioo kilikuwa safi mpaka Nyamira. Duka lenu sasa linauza simu, lakini mlango ni ule wa mbao, na muuza simu alimpa kiti akakaa hapo saa nzima.

Jumatatu Anti aliniita garini. Ketan akawasha feni. Namba moja, sawa. Namba mbili, nikasikia mngurumo mdogo, mzito. Ketan akasema ni sawa kabisa, mimi nina masikio ya popo. Anti akaningoja.

Nikasema, "Bado. Kwa namba mbili. Nafikiri ni shafti, imelika." Akaitikia kwa kichwa, akamwambia Ketan aniachie ufunguo likizo ikifika.

Nenda salama, Anko. Likizo nitaitoa tena hiyo mota niitazame shafti yenyewe, na chochote nitakachokikuta, kizuri au kibaya, nitampigia Anti Nairobi nimwambie kilivyo.

Kemunto