Mama, Ulikuwa Umeshika Rezista Ipi?

Mama,

Shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini mkono umeandika kabla sijafikiri.

Nimerudi chuoni. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Mwalimu akiita majina, baada ya langu huliruka lako, pale ulipokuwa ukiitikia, "Niko," na wenzetu wakacheka, maana hawajapata kuona mama na bintiye wakisomea umeme darasa moja. Siku ya kwanza alidhani umenisindikiza tu. Ukamwambia, "Nimechota chumvi Gongoni miaka yote hiyo. Sasa nataka kusoma."

Kuna jambo linanichanganya. Wakumbuka ubishi wetu jikoni, jioni ile kabla presha haijakuangusha? Sakiti ya betri mbili, volti kumi na mbili kushoto, sita kulia, na rezista tatu za kuzuia mkondo, zote sawa: moja kila upande, moja katikati. Tulifundishwa tuiache betri moja ifanye kazi, nyingine tuitoe, mahali pake tuunge waya. Kisha tubadilishe, halafu tuyaweke pamoja majibu. Mimi nikasema mikondo inajumlishwa. Wewe ukasema, "Inapingana, mwanangu. Toa." Tukalala na majibu mawili, tuje tupime chuoni.

Jana nimepima peke yangu. Katikati mikondo inakwenda njia moja: miliampea mbili na moja, jumla tatu. Nikageuka nikwambie. Hukuwapo. Nikapima upande wa betri ndogo. Huko inapingana, mbili kwa mbili, mita ikasoma sufuri. Betri haitoi chochote, Mama, na bado nikiitoa nikaweka waya, mkondo wa katikati unapungua. Mwalimu amenieleza mara mbili. Nimeitikia, lakini sijaelewa.

Na sasa sikumbuki. Kidole chako kilikuwa juu ya rezista ipi uliposema toa? Labda sote tulipatia. Labda hatukuwa tukibishana hata kidogo. Sakiti tuliichora kwa chaki sakafuni, na watu waliojaa nyumbani siku ya maziko wameikanyaga yote. Nimeinama pale na tochi. Hakuna hata mstari.

Lala salama, Mama. Mtihani nitaufanya. Swali lile likija, hata wakiuliza mkondo wa katikati pekee, nitaandika wa rezista zote tatu, ili jibu lako liwemo.

Mwanao,
Zuhura