Rais Wenu

Jumanne, 2 Novemba 1976

Aibu! Sijui kesho nitapita wapi. Tulikuwa shamba la kijiji tunapalilia mahindi, balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bartholomayo, akaja mbio, redio kwapani. Rais amepinduliwa! Wanajeshi wamechukua nchi! Mimi nikatupa jembe, nikaketi pale pale kwenye tope, nikalia kwa sauti — Mwalimu wangu jamani, wamemfanya nini Mwalimu! Halafu jirani yangu Deodata akaanza kucheka, mpaka akashika mbavu. Mzee akaniinamia akasema taratibu, si wetu, mama. Wenu. Wa Burundi.

Machozi yakakatika. Papo hapo! Nikaokota jembe.

Jumatano, 3 Novemba

Mume wangu ana sherehe. Idefonsi amewaita Warundi wote wa hapa Ntobeye, pombe ya ndizi tele, wanaimba. Mimi napembua maharage. Akanijia juu: baba yako walimpakia kwenye lori mwaka wa sabini na mbili, hakuonekana tena, leo utawala ule umeanguka, nawe unapembua maharage! Nikamwambia walevi nao hula.

Lakini neno lake limeniingia. Baba namlilia mpaka leo, Mungu anajua. Mbona sasa sifurahi? Hata hasira sina. Nimejipekua moyoni, sikuti kitu. Labda nimeharibika.

Jumapili, 7 Novemba

Baada ya misa wanaume wakabishana. Mmoja anasema mkubwa mpya anawaita wakimbizi warudi. Mwingine anasema ni wale wale, wamebadilisha kofia tu. Wakaniuliza, Felisita, wewe mwalimu wa kisomo unaonaje? Nikasema sijui, serikali yao siielewi tena. Idefonsi akanikazia macho. Yao? Njia nzima alitembea mbele yangu.

Neno lilitoka lenyewe. Mimi nifanyeje?

Jumatano, 10 Novemba

Turudi, anasema. Jumamosi. Yeye, mimi na mtoto wetu Niragira. Kuna migomba ya baba yake kule, inamngoja — miaka minne inamngoja, migomba gani hiyo! Nikauliza, na hapa je? Hapa ni ukimbizini, akasema. Ukimbizini kwa nani? Mtoto kazaliwa hapa. Darasani kwangu Mzee Bartholomayo mwenyewe sasa anaandika jina lake, ingawa bado anaweka r palipo na l. Na kule nani amemhakikishia kwamba lori halitakuja tena? Akasema mimi ni mke wake, tutakwenda.

Angekuwa mume wa hovyo ningemwambia safari njema. Lakini huyu alinivusha mto Ruvubu mgongoni, nina mimba, maji yamemfika kifuani. Nampenda. Hiyo ndiyo taabu yangu!

Ijumaa, 12 Novemba

Sikwenda shamba. Nimesema naumwa. Kweli naumwa, sijui wapi. Asubuhi nilimwambia Idefonsi siendi. Mchana nikamwambia naenda, akafurahi hadi akamrusha Niragira juu. Deodata akaja kunitania, eti nimwachie sufuria kubwa. Nikamwambia chukua. Akaondoka bila sufuria, analia.

Jumamosi, 13 Novemba

Wenzake wako barabarani, wanapiga miluzi. Yeye yuko uani anamnawisha mtoto uso. Kaniambia nifunge mzigo. Nimeufunga kwa shuka, kwa kamba, fundo zuri. Nikaunyanyua — mwepesi! Nikaufungua. Mashati yake mawili. Koti. Wembe wake. Rozari ya mama yake. Changu hakuna. Cha Niragira hakuna, hata gauni moja. Haki ya Mungu sikukusudia. Mikono ilikuwa inachagua, mimi nawaza mengine.

Nimeufunga tena vile vile. Sijui kwa nini.

Anaita. Mama Niragira, umemaliza? Nimemjibu nimemaliza.