Baba Ana Haki ya Kujua

Nyansiongo,
Nyamira.
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka Walter,

Pokea salamu tele kutoka nyumbani. Natumaini wewe, Marion na watoto hamjambo, na kwamba baridi ya Minnesota bado haijaanza kuwatesa. Mwili wangu mzima, ila moyo umechafuka. Manasseh, yule jirani yetu, anarudi huko kesho, basi nimempa barua hii. Kwa simu hunipi nafasi ya kumaliza, na Baba huwa kando yangu akingoja kukusalimu.

Masomo yangu ya uzamili, yale ya sheria na maadili ya tiba, yanaendelea. Sisi tulio kazini tunafundishwa Jumapili kwa mtandao. Natoka zamu wodini nikiwa hoi, nafungua kompyuta na kumsinzilia mhadhiri. Wenzangu ni wauguzi, matabibu na wakili mmoja mbishi ajabu.

Jumapili iliyopita mhadhiri aliwasomea wenzangu insha yangu. Ilihusu haki ya mgonjwa kuambiwa anaugua nini. Walinipongeza wote, hata yule wakili. Walter, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Muuguzi mzima, mwenye hoja zote hizo, namwambia baba yangu mzazi kwamba saratani yake ya tumbo ni vidonda tu.

Majibu yalipotoka mwezi wa Mei nilikupigia wewe kwanza, kwa kuwa ndiwe kifungua mimba. Ukaamua asiambiwe, eti atakata tamaa. Mama akakuunga mkono, nami nikakubali. Lakini wewe uko mbali, kaka. Umeamua wewe, na anayemdanganya kila asubuhi ni mimi. Nimechoka, na nimekukasirikia, sikufichi.

Nilipojaribu kumshawishi Mama alinijia juu: "Hiyo masomo yenu inafunza nini? Kuambia mzee atakufa, hiyo ni tabia gani?"

Jana, Sabato ilipokwisha, Baba aliniita shambani. Anataka kung'oa majani chai ya upande wa juu apande parachichi. Amekonda, Walter, suruali anaifunga kwa kamba. Akaniuliza, "Kemuma, hii parachichi inakaa miaka tatu ndio izae. Wewe ndio daktari yangu. Nipande ama niwache?"

Akanitazama usoni. Nikamwambia apande.

Sirudii tena. Sabato ya tarehe 27, tukitoka kanisani, nitamwambia ukweli, upige simu usipige. Ningefurahi sana sauti yako iwepo, maana atakuulizia.

Msalimie Marion, na Nyanchera na Duke waambie shangazi yao anawakumbuka. Mama anakusalimu. Baba angetaka kukusalimu mwenyewe, lakini tangu asubuhi yuko kule juu anachimba mashimo, akipumzika kila baada ya kupiga jembe mara mbili tatu.

Mungu awafunike kwa rehema zake.

Wako akupendaye hata nikiwa na hasira,
Kemuma