Jina la Bibi Mwajuma

Tanga, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Natumaini hamjambo, wewe na mama, na mvua haijaozesha kabichi za bondeni. Mimi mzima.

Kile kijidudu nilichokitoa kwenye ute wa matumbawe kimethibitika kuwa kipya duniani. Kwenye darubini ni kijiti kifupi chenye mkia mmoja. Kikioteshwa maabara kinafanya vidoa vya rangi ya kiini cha yai, na bila chumvi hakioti kabisa. Tumelinganisha jeni zake na za jamaa zake: ukoo ni ule ule, ila chenyewe ni spishi ya peke yake. Usiogope, matumbawe hayaumwi kwa ajili yake.

Sisi tuliokigundua ndio tunaokipa jina, na wenzangu wameniachia mimi. Nataka kukiita Mwajuma, jina la bibi. Najua jina la marehemu haliokotwi, linaombwa kwa wanawe. Kwa hiyo naomba.

Mwanao,
Zakia

Mtae, 19 Machi 2024

Mwanangu Zakia, onga mshi, salamu ya huku kwetu milimani. Sisi wazima, ila goti la mama yako linamsumbua. Kabichi zimepona.

Barua yako imenikera. Mama yangu alilea ukoo mzima, leo awe bakteria? Dada yangu Husna nitamwambia nini?

Tena jina lile ni lako. Ndugu zako wameliomba kwa ajili ya binti zao nikawanyima, nikasema ni la mtoto wa Zakia. Tuletee mjukuu, nitalitoa siku hiyo hiyo. Hicho kijidudu kiite Tanga.

Usininunie. Najivunia wewe mpaka msikitini wamechoka kunisikia.

Baba yako

Tanga, 2 Julai 2024

Baba, shikamoo. Nisameheni kwa ukimya wangu. Goti la mama linaendeleaje?

Wenzangu wanasubiri jina ili tuchapishe, na kila nikitaka kuandika jingine nashindwa. Acha nikwambie kwa nini.

Mwaka juzi niliwaambia nimepasuliwa kidole tumbo. Hakikuwa kidole tumbo, baba. Ulikuwa uvimbe, wakatoa kizazi chote. Mjukuu unayemsubiri kwangu hatakuja. Sikutaka kukuona unahuzunika, nikahuzunika peke yangu.

Jina la bibi mpe binti yeyote wa kaka Jafari, sina kinyongo. Mimi nitaandika Tanga.

Mwanao,
Zakia

Mtae, 6 Julai 2024

Zakia mwanangu, nimelia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Pole kwa maumivu, na pole kwa kuyabeba bila sisi.

Nilimwita shangazi yako Husna, nikawasomea barua yako, yeye na mama yako. Unamjua Husna kwa ukali wa mambo ya majina, nilijiandaa kwa ugomvi. Aliuliza tu kama kiumbe hicho umekitafuta mwenyewe. Nikasema ndiyo. Akasema basi ni cha Zakia, apewe jina. Kwa hiyo usiandike Tanga. Andika Mwajuma, kwa ridhaa yetu sote.

Mama yako aliinuka akaanza kufunga mzigo: jogoo, ndizi, samli, mafuta ya kukandia. Nikamwambia goti halitamudu safari, na kwamba huo ni mzigo wa kumpelekea mzazi, nawe hukujifungua. Akanijibu bila kugeuka, "Mwanangu alitoka hospitali, hakuna aliyemkanda."

Barua hii nampa dereva wa basi la leo, mama yako anapanda la kesho asubuhi. Mpokee stendi.

Baba yako