Habari za Belang na Mkono wa Bapa

Kijiji cha Wolomude,
Maumere, Flores.
18 Novemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Gervas,

Pokea salamu za moyo kutoka nyumbani. Hujambo huko kwenye michikichi? Kile kifua kilichokusumbua msimu wa moshi kimepoa? Mama anauliza kama bado unalala na njaa kwa uchovu. Amesema nikuandikie kwa maneno yake: "Asije akaniletea mifupa Krismasi." Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, ingawa uzima wa mwezi huu tumeushikilia kwa kucha.

Barua hii anakuletea Goris, anayerudi huko kazini kwenu. Sikutaka kukueleza kwa simu, maana siku hizi simu yako ikilia Bapa hutoka nje. Tulia uisome mpaka mwisho.

Unakumbuka nilikwambia chuo chetu kimepata ruzuku ya kuchunguza kichaa cha mbwa. Tunachanja mbwa, tunawapima damu kuona chanjo inadumu muda gani kwa mbwa wa vijijini, kisha tunafundisha watu shuleni na kanisani. Mimi ndiye niliyeomba kijiji chetu kiwemo. Nilidhani kwetu ndiko nitakakosikilizwa.

Siku ya chanjo tulitandaza meza zetu, na mbwa hawakuonekana. Hata kubweka hatukusikia. Watu hawajasahau mwaka ule mbwa walipohesabiwa leo na kuuawa kesho. Tena wanasema sindano humfanya mbwa mvivu, nguruwe mwitu wakamaliza mahindi yeye akiwatazama. Nikaenda kwa jirani yetu Moan Servas kumbembeleza. Akanicheka.

"Nona Sensi, anzia kwa baba yako. Belang yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani kwa nani? Bapa amempandisha shambani tangu alfajiri, kamfunga kamba. Baba wa mwalimu akificha wake, sisi wetu tuwatoe twende nao wapi?"

Nilitahayari mbele ya wenzangu. Pak Okto, kiongozi wa mradi, alikunja meza, nami nilijua anawaza nini: wafadhili wakiona kijiji kimegoma, watahamia kisiwa kingine, na mimi mkataba wangu ni wa mradi huuhuu. Jioni nilipomuuliza Bapa, alijibu kwa mkato, akikutaja kwa jina lako la utotoni. "Huyo si mbwa wangu. Ni wa Nong. Mwenyewe akirudi utamwomba."

Nikaona bora tufundishe kwanza. Jumapili moja, baada ya misa, nilisimama kwenye ua wa kanisa na ndoo na sabuni, nikaonyesha jinsi ya kuosha jeraha la kuumwa na mbwa kwa maji mengi kabla ya kukimbilia zahanati. Mama akainuka kule nyuma.

"Na kidonda cha tangu Jumanne kinaoshwaje?"

Watu wakacheka.

"Cha nani, Mama?"

"Cha huyu hapa anayesema amejikata na panga. Tangu lini panga likaota meno?"

Hapo hakuna aliyecheka tena. Bapa alikuwa ameficha mkono ndani ya saruni yake. Akaondoka. Nikamfuata mbio hadi nyuma ya ukuta.

"Bapa, Belang yuko wapi?"

"Amekufa. Ijumaa."

"Umemzika wapi?"

"Ili mfanye nini? Mkate kichwa mkipeleke maabara?"

Ndivyo hasa tungefanya. Naye akatazama chini. "Nong akipiga simu namwambia mbwa wake yuko shambani. Sikusema uongo. Yuko shambani."

Pole, ndugu yangu. Najua ulimlea yule mbwa ndani ya shati lako tangu hajafumbua macho.

Nilimwambia ugonjwa huu ukishapanda kichwani hauna tiba, lakini kabla haujapanda, kinga ipo. Akakataa. Alisema akienda kudungwa sindano, kesho yake watakuja watu na marungu waue mbwa wa kijiji kizima kwa ajili yake. Nilimwapia kuwa sisi tunachanja, hatuui. Hakunisikiliza. Kumbe Mama ameshapanda gari la mradi, amekaa kiti cha mbele na mfuko wa nguo mapajani. Akatoa kichwa dirishani.

"Panda. Au unataka nijifunze ujane sasa hivi, uzeeni?"

Bapa akapanda.

Zahanati ilikuwa na chanjo, lakini dawa ile ya kuingizwa kwenye jeraha lenyewe hawakuwa nayo. Tukakimbia mjini. Kila kona ya barabara nilisema Salamu Maria moja. Huko wakamdunga kandokando ya kila alama ya jino. Hakulia, Gervas, ila aliving'ang'ania vidole vya Pak Okto mpaka vikapauka.

Kesho yake mwenyewe alituonyesha kaburi. Pak Okto alivaa glovu akachimba, Bapa akageukia mlima. Majibu ya maabara yalipokuja, yalikuwa yaleyale niliyoyaogopa. Ulikuwa ni kichaa cha mbwa.

Tangu hapo sina amani. Mimi ndiye ninayefundisha ugonjwa huu, na kujua kwangu ndiko kunakonitesa. Bapa akishtuka, nashtuka. Akinywa maji, naangalia koo lake. Ameshanigundua. Juzi aliinua kikombe akaniambia, "Tazama vizuri, Profesa. Yanashuka."

Watu walipopata habari, wakaleta mbwa wao. Moan Servas alikuja na wake ndani ya gunia la mchele, kichwa nje, akasema, "Huyu msimpime kwanza, mdungeni upesi." Mezani kulikuwa na foleni. Nilipaswa kufurahi, na Pak Okto alifurahi kweli. Mimi nilikuwa nageukageuka kutazama kibaraza chetu, Bapa ameketi peke yake, hataki kushuka. Anaona amekupotezea mali yako, kisha akakudanganya.

Jana alimaliza sindano ya mwisho. Tukiwa njiani kurudi akaniuliza, "Sasa nangoja mpaka lini?"

Sikuweza kumficha. Nilimwambia kwa wengi ugonjwa huonekana ndani ya miezi michache, kwa wachache sana baada ya mwaka. Lakini aliyepata dawa zote kama yeye ana matumaini makubwa. Tukavuka daraja. Kisha akamwambia dereva asimame dukani. Akarudi na mfuko wa mbegu za mahindi, akaupakata.

"Mvua haingoji majibu," akasema.

Kwa hiyo nakuomba, mpigie. Atataka kukimbia, Mama atamshika. Usimlaumu, na usijifanye hujui. Mwambie tu umesikia kila kitu, halafu mwulize amepanda upande gani.

Mama anakubariki kwa mikono miwili. Moan Servas anakusalimu, na Pak Okto pia, ingawa hamjaonana. Nisalimie shangazi Paulina na Wanaflores wote wa kambi yenu. Bikira Maria akufunike, akulinde na nyoka wa michikichini.

Mimi dada yako akupendaye na kukukumbuka,

Kresensia (Sensi)